Boksi Lenye Mapu

Siku yangu ya kwanza katika gereji moja mtaani Baba Dogo, foromani aliniuliza swali moja tu: "Unajua kusoma?"

"Polepole," nikajibu.

"Polepole inatosha. Hawa wengine hawasomi kabisa." Akanipa tochi na koleo, akanionyesha gari lililofumuliwa nyaya zote, akaenda kunywa chai. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na nilikuwa na haya kiasi kwamba wateja walidhani mimi ni bubu. Lakini waya hauhitaji mazungumzo. Nikawa fundi wa nyaya, na mafundi wenzangu wakaniita Karani kwa sababu niliandika kila kitu kwenye daftari, herufi moja baada ya nyingine.

Miaka ya tisini ilipoingia, magari ya mitumba kutoka Japani yalijaa mjini, na kabureta zikaanza kutoweka. Ninyi vijana mmezaliwa mkiikuta kompyuta ya gari, kwa hiyo hamjui jinsi ilivyotutesa. Sisi tuliiita boksi. Kazi yake ni kuamua nozeli zinyunyize petroli kiasi gani na plagi ziwake wakati gani. Boksi la kiwandani limejazwa hesabu za injini ilivyotoka kiwandani. Ukiongeza nguvu ya turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, boksi hilo linaona mambo yamezidi, linakata mafuta, na gari linashtuka kama limepigwa kofi. Hapo ndipo watu walipoanza kutafuta boksi la kando, lile unaloweza kulijaza hesabu zako mwenyewe. Hesabu hizo, yaani orodha ya petroli kwa kila mwendo wa injini, ndizo mafundi waliziita mapu.

Neno hilo ndilo lililotuponza.

Mutiso alikuwa dereva wa lori la unga, mkaazi wa Kaloleni, baba yake mtu wa reli. Alikuwa na gari dogo la Kijapani lenye turbo, na meneja wa timu moja ya mbio za magari alikuwa amemwahidi kuja kumtazama Jumapili kwenye uwanja wa vumbi. Timu ilikuwa na nafasi moja ya dereva.

"Manze, Jumapili ikienda fiti, unga nimeaga," alituambia. "Nitafutieni boksi."

Foromani alikuwa ameshapandisha turbo, na gari lilikuwa linakata mafuta kila likipata mwendo. Tukaenda watatu kwa mfanyabiashara wa vipuri vilivyotumika. Alikuwa na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa dogo, tupu, lakini lilikuja na kidude cha vitufe cha kuandikia hesabu ukiwa umekaa ndani ya gari. La pili lilikuwa kubwa, lenye nyaya nyingi, na kwenye kifuniko zimeandikwa herufi tatu: MAP.

"Hii hapa!" foromani akapiga kifuniko. "Ina mapu tayari. Imeandikwa."

"Na ni kubwa," Mutiso akaongeza, kana kwamba ananunua mbuzi.

Mimi nilikuwa nimeshika kijitabu chake. Nilisoma mstari mmoja mara tatu. Herufi zile zilikuwa kifupi cha kipimo cha msukumo wa hewa inayoingia kwenye injini. Zilieleza jinsi boksi linavyopima hewa, basi. Hazikusema lolote kuhusu orodha ya petroli. Na ili kuibadilisha orodha iliyoachwa humo na mwenyewe wa zamani, ulihitaji kompyuta na kebo yake, vitu ambavyo gereji yetu haikuwa navyo hata kwa picha.

"Foromani," nikasema, "hii mapu si ile mapu."

"Karani! Mapu ni mapu. Au kwenu kuna mapu ya Kikamba na ya Kijaluo?"

Wote wakacheka, mwenye duka akiwemo. Nikanyamaza. Hadi leo kunyamaza huko kunaniudhi kuliko kicheko chao.

Tukalifunga boksi kubwa, siku mbili za kuunganisha nyaya. Ijumaa injini ikawaka, ikatulia, ikanguruma vizuri. Injini isiyobebeshwa mzigo inaweza kusamehe hesabu za injini nyingine, na hilo ndilo lililomfanya foromani azunguke gereji akijipiga kifua. Mimi nikajificha nyuma ya kabati, nikachana karatasi na kuandika: "Hesabu zilizomo si za injini hii. Ukikanyaga sana petroli itapungua, pistoni itatoboka. Turudishe boksi la kiwandani, tushushe turbo. Litakuwa zito lakini litamaliza." Nikaiweka kwenye kiti cha dereva, garini mwa Mutiso.

Mutiso aliisoma, akanitazama, akacheka. "Karani, umeniandikia barua kama demu?" Akaitia mfukoni, akaondoka.

Jumapili, kwenye mzunguko wa tatu, alikanyaga hadi mwisho. Tukasikia mlio kama wa chuma kikigongwa, kisha moshi. Meneja alishuka hadi kwenye gari, akatazama boksi.

"Nani alichagua hiki kitu?"

"Huyu wa nyaya," foromani akasema, akininyooshea kidole.

Mutiso ndiye aliyetoa karatasi mfukoni. "Uongo. Huyu aliniandikia Ijumaa. Mimi nilimcheka."

Meneja akaisoma polepole. "Ulijuaje?"

"Nilisoma kijitabu."

"Njoo kwangu Jumatatu," akaniambia. Kisha akamgeukia Mutiso: "Pole, kijana." Akarudi kwenye gari lake.

Nilifanya kazi katika karakana ya timu hiyo, Industrial Area, hadi nilipostaafu. Huko nilichagua maboksi mengi, na mpaka leo vijana wananijia na simu zao: "Mzee, hii iko na nguvu, ninunue?" Wananichosha. Nawauliza: linapimaje hewa? Linaweza kuendesha nozeli ulizo nazo bila kuungua? Na nani atalijaza hesabu? Wananitazama kama nimewatukana, kisha wanaenda kununua lenye taa nyingi.

Miaka kadhaa baada ya mbio zile nilimuuliza meneja kwa nini hakumpa Mutiso nafasi nyingine. Akasema mwendo wa Mutiso ulimpendeza. "Lakini wenye kasi nilikuwa nao tele. Nilikuwa natafuta mtu wa kumaliza."

Mutiso aliendesha lori la unga hadi akastaafu. Tukikutana ananisalimu vizuri, anauliza watoto, hataji siku ile. Mimi pia sijamwambia alichosema meneja. Gari zito lililomaliza lingetosha. Na Ijumaa ile ufunguo wa gari lake ulikuwa juu ya meza yangu hadi alipokuja kulichukua; ningeweza kuutia mfukoni na kumwambia, "Hutoki nalo." Angenitukana kwa sauti, na angekuwa dereva wa timu.