Mkalimani Aliyekataa Somo la Siku ya Tatu

Nilikuwa kwenye bucha hapa Kitengela nikisubiri kukatiwa mbavu za mbuzi wakati ujumbe ulipoingia kwenye simu: mkalimani wetu ameaga. Presha ilimwangusha mjini Bisil, katikati ya mnada wa mifugo, akiwa bado anabishana bei. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sina mazoea ya kuwapaka wafu mafuta, na huyu sitaanza naye. Alikuwa mbishi, alichelewa kila mahali isipokuwa mezani, na kwa kazi alikuwa dalali wa mbuzi. Alikuwa Mkamba, na Kimaa, lugha ya Wamasai, alifunzwa na wauzaji waliotaka kumpunja, kwa hiyo alijua majina yote ya rangi za mbuzi kabla hajajua neno la toba. Lakini wageni walipoanza kuja kutoka ng'ambo kuwafunza wachungaji wa makanisa ya vijijini huku Kajiado, ni yeye aliyeweza kutoka Kiingereza hadi Kimaa, akapitia Kiswahili kwa ajili yetu sisi wa kuja, bila kushika karatasi.

Nilimjua kwenye semina ya kwanza, nilipoitwa kuandika ripoti yake. Ilifanyika katika kanisa la mabati nje kidogo ya Bisil, na wachungaji wapatao thelathini walikuwa wamekuja, wengine kwa miguu tangu alfajiri. Mwalimu alikuwa mgeni mwenye moyo safi na shingo iliyoiva kwa jua, na alibeba kitabu kinene cha masomo kilichoandikwa mbali sana na mbuzi yeyote. Asubuhi hiyo alitangaza nguzo tano za uongozi ambazo kwa Kiingereza zote zilianza na herufi moja, akazitaja huku akitabasamu. Mkalimani akawaambia wachungaji, "Mgeni ana mambo matano. Kwa lugha yao yanafanana sauti na yamemfurahisha sana. Kwetu hayafanani. Tumvumilie." Mchana likafuata somo la mchungaji mwema, saa mbili nzima kuhusu tabia za kondoo, likifundishwa kwa watu waliowaacha kondoo wao na majirani ili waje kulisikiliza. Mzee mmoja aliinua mkono. "Muulize yeye ako na kondoo wangapi." Swali likafika. Mgeni akajibu kwamba, kwa kweli, hajawahi kufuga. Mkalimani akawageukia wazee. "Anasema kondoo wote ni wa Mungu." Wakaridhika. Mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba mjadala ulikuwa wa kina.

Siku ya tatu hakukuwa na mzaha. Somo lilihusu ndoa, na kitabu kilisema wazi kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka awaondoe wote isipokuwa wa kwanza. Mgeni alilisoma, akangoja tafsiri. Mkalimani alizima kipaza sauti. "Hilo sisemi," akamwambia kwa Kiingereza. Mgeni alidhani amekosa msamiati, akamuuliza ni neno gani gumu. "Maneno ninayo. Huyo mke wa pili akitoka, aende wapi?" Mgeni akasema kanisa litamtunza. "Kanisa ndilo hili umeketisha hapa," mkalimani akamjibu, akionyesha mabenchi. Wachungaji walikuwa wameanza kuulizana kuna nini. Akawaambia, "Mgeni amesema jambo ambalo nimekataa kulipitisha mdomoni mwangu. Mkilitaka, muulizeni yeye. Maswali yenu nitayapeleka." Walipouliza, mgeni mwenyewe alilirudia kwa Kiswahili cha kuokoteza: mke mmoja, wengine nyumbani kwao. Kikavunjika ovyo, lakini kilieleweka.

Yule mzee wa kondoo akasimama tena. Alisema polepole, kwa Kimaa, na safari hii mkalimani alitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. "Mama yangu alikuwa bibi wa tatu. Baba alipotaka ubatizo, aliambiwa atufukuze, akatufukuza. Tulirudi kwa wazazi wa mama na mbuzi wawili. Mama hakukanyaga kanisa tena mpaka akafa. Mimi ni pasta, na hakuwahi kunisikia nikihubiri. Nilitaka tu mgeni ajue." Mgeni alivua miwani, akakitazama kitabu chake. "Kitabu hakisemi chochote kuhusu huyo mama," akasema. Kisha akatangaza mapumziko ya chai ingawa chai ilikuwa bado haijachemka.

Ofisi ya Nairobi iliyosimamia semina haikufurahi. Awamu iliyofuata ilimleta mhitimu wa chuo aliyetafsiri kila kitu, hata mgeni alipokohoa nusura akohoe naye. Kufikia siku ya pili nusu ya wachungaji walikuwa wamekumbuka ng'ombe wagonjwa nyumbani. Waliobaki walikuwa wakingoja vyeti. Sifa moja nitampa mgeni: alienda mwenyewe mnadani, akamkuta rafiki yetu ameshika beberu kwa pembe, akamwomba arudi. "Nitarudi," akaambiwa, "lakini asubuhi ya kwanza wao wakufundishe wewe. Mchana utafundisha." Wakakubaliana, na ikawa hivyo miaka yote iliyofuata. Msije mkadhani kwamba dunia ilibadilika. Lile somo la ndoa halikufutwa. Lilihamishwa tu hadi mwisho wa siku ya mwisho, saa ile kila mtu anapotafuta gari la kurudi nyumbani, na hadi leo sijamwona aliyelisikia lote.

Tulimzika kwenye shamba lake nje ya Kitengela. Mgeni alikuwa ametuma barua ndefu kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti, nikapewa niitafsiri. Niliitendea haki, wasomaji wangu. Sikuruka hata nukta. Nilitafsiri ushirikiano wa kimataifa, nikatafsiri maono ya pamoja, na nilipoinua macho niliona watu wakikagua vidole vyao vya miguu. Nilipokwenda kuketi, yule mzee wa kondoo akanishika mkono.

"Sasa huyo mgeni, ako na huzuni ama hana?"

"Anayo, mzee. Nyingi."

"Basi si ungesema hivyo."

Nimeishi kwa kujisifia usahihi wangu, na sasa nauona kuwa nusu ya kazi. Anayebeba maneno ya mtu mwingine lazima ajue yanakwenda kutua juu ya nani, na kama yatamvunja mtu, ayashushe njiani aseme kwamba ameyashusha. Ofisi ya Nairobi imenipigia simu juzi: semina imekaribia, je, naweza kusaidia? Nimewaambia watafute mtu anayejua kukataa.