Leo nimemwambia mjukuu wangu kwamba kuku amemla

Jamani, leo nimechoka hadi ulimi.

Nimetoka kwenye cherehani miguu imevimba, na baridi ya Makambako mnaijua. Nikapiga simu ya video Muscat, anakoishi binti yangu na mumewe. Mtoto wao Yusuf ana miaka minne na anajua Kiarabu tu. Kila nikipiga ananitazama kidogo, kisha anakimbia.

Ndiyo maana miezi mitatu sasa nasoma Kiarabu kwa ustadhi mmoja hapa mjini. Mimi, Mkatoliki wa Mdandu!

Ustadhi husema, "Mama, anza na kitendo, fuatisha anayetenda, halafu kinachotendwa. Usipange kama Kiswahili."

Nilitaka kusema Yusuf amekula kuku. Kitendo, "akala", yaani amekula, nilikikumbuka. Yaliyobaki uchovu ukayachanganya.

"Akala ad-dajaj Yusuf."



Binti yangu akafunika mdomo. "Mama! Umesema kuku amemla Yusuf!"

Niliona aibu, machozi yakanilengalenga. Miezi mitatu yote ile! Nilikuwa karibu kukata simu.

Mara Yusuf akacheka mpaka akakaa chini. Akasogeza uso kwenye simu, akasema taratibu, "Laa, Bibi. Akala Yusuf ad-dajaj."

Hakuwahi kuniita Bibi kabla ya leo, ingawa mama yake humfundisha neno hilo.

Nikarudia. Akataka tena. Tukala kuku, samaki, mpaka ngamia, yeye akinisahihisha kila mara.

Miguu bado inauma, na kesho nina sare za shule za kushona.

Nyie wenye wajukuu mbali, mnaongea nao vipi?