Mpiga Drams Siku Stima Zilipopotea

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya mwaka wa 2008 ninayoikumbuka vizuri kuliko siku niliyovishwa joho la chuo. Tulikuwa na bendi ya roki hapa Nakuru. Mimi nilipiga gitaa la umeme, tena nilikuwa na nywele, ambazo siku hizi utazipata kwenye picha tu. Wafula, aliyetuzidi umri, alipiga drams. Nilimwona mzembe. Hakurusha vijiti hewani wala hakutikisa kichwa.

"Boss, changamka," nilimwambia mazoezini. "Unapiga kama mtu anayekatakata sukuma wiki."

"Na wewe unapiga kama mtu anayeuza gitaa," akanijibu. "Endelea tu. Mimi namsikiliza Njeri."

Njeri ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu.

Mwanzoni mwa mwaka huo mji ulikuwa umeungua kwa ghasia za uchaguzi, na vijana wa mitaa iliyopigana walikuwa bado wanaogopana. Mzee Jagdish, mwenye duka la vitambaa, alitupatia ukumbi wake kwa onyesho la Jumamosi hiyo, kwa sharti moja: vurugu ikitokea, hata ndogo, hatawafungulia vijana tena. Ukumbi ukajaa watu wa mitaa yote. Ilikuwa mchana, kwa hiyo madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa turubai ili taa zetu za rangi zionekane.

Nilipoingia tu kwenye sehemu yangu ya kujionyesha, stima zikapotea. Giza. Gitaa langu likawa ubao. Mtu akapiga yowe, viti vikaanguka, watu wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni. Kila mmoja alijiuliza amesimama kando ya nani.

Drams hazihitaji stima. Wafula angeweza kutwanga kwa nguvu zake zote. Mimi ningefanya hivyo. Yeye alishusha sauti, lakini mwendo hakuupunguza hata kidogo. Hilo ni gumu sana, maana mkono ukilegea, mwendo nao hulegea.

"Njeri, ingia!" akaita.

Njeri akaimba bila maiki, na kwa kuwa sauti ya drams ilikuwa chini, alisikika mpaka nyuma. Wa mbele wakaitikia. Wa mlangoni wakageuka. Wimbo ukaimbwa mpaka mwisho gizani, na hakuna aliyeguswa. Mzee Jagdish alipong'oa turubai moja, mwanga ukatukuta bado tumesimama pamoja.

"Jumamosi nyingine mnakuja saa ngapi?" akauliza.

Sasa wewe unataka drams. Sawa. Mikono ya kasi utaipata kwa mazoezi, na wengi wanayo. Anayejitofautisha ni yule anayemsikia mwenzake ilhali chombo chake ndicho chenye kelele kuliko vyote, na asiyeuacha mwendo watu wanapotishika. Jifunze kupiga kwa sauti ya chini bila kuchelewa. Jifunze kila siku, hata ukichoka, hata majirani wakilalamika. Hao niachie mimi. Usikubali kuacha.

Mungu aibariki mikono yako, akuongezee masikio, na popote utakapokaa kupiga, watu wapate ujasiri wa kubaki.