Michezo Mia na Ishirini ya Kimbunga

Shemeji yangu hakuwa anacheza chesi, alikuwa anagombana. Nilimwambia hivyo mara nyingi na yeye alifurahi kana kwamba nimemsifia. Alijitupa kwenye kochi, simu mkononi, miguu juu ya kistuli, na katika mchezo wa dakika tatu alikuwa hamalizi hata mbili. Malkia anatoka mapema, farasi wanarukia katikati, mfalme anaachwa pale pale alipoanzia bila mlinzi. Mpinzani aliye nchi nyingine huko, asiyesikia hata neno moja, anatukanwa yeye na ukoo wake. Kwenye mtandao alijiita Kimbunga, na jina likamfuata mpaka ghalani, alikoendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwa miaka kumi na saba.

Ni mume wa dada yangu mkubwa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mchezo wenyewe nilimfundisha mimi, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu. Uchezaji wake ulikuwa na raha yake. Alikuwa anawatia watu kiwewe, na kwenye mchezo wa haraka mtu akishaingiwa na kiwewe amekwisha. Kwa njia hiyo alifika alama elfu moja na mia sita, akatembea kifua mbele wiki nzima.

Tangu mwezi wa pili alama zikaanza kuporomoka. Mia moja, mia mbili, karibu mia tatu. Kila siku alikuwa na mchawi mpya. Leo mtandao unasuasua, kesho simu imechoka, keshokutwa wapinzani wote wanatumia kompyuta.

"Umri huo, shemeji," nilimwambia.

"Umri wa nani? Wewe subiri."

Kisha likatokea la ghalani, na utani ukapungua. Siku moja asubuhi, akiwa amebeba paleti ya mbao iliyopangwa marumaru, alikata kona na foklifti ikamgonga mpakiaji mmoja na kumvunja mguu. Mpakiaji huyo wanamwita Taratibu, kwa sababu hata ndoo ya maji huinua baada ya kuitazama pande zote. Taratibu alisema alikuwa amesimama ndani ya mstari wa njano, mahali pa waenda kwa miguu, kama sheria inavyotaka. Shemeji akasema aliangalia vizuri kabla ya kukata kona na hapakuwa na mtu. Alisema Taratibu ndiye aliyeingia njiani mwenyewe. Hapakuwa na shahidi mwingine. Kamati ikapangwa Jumanne ya wiki ya nne baada ya ajali. Ambaye angeonekana mzembe angefukuzwa bila kiinua mgongo.

Sisi tulimwamini shemeji moja kwa moja. Mtu huyu ana kelele, ana kiburi, lakini uongo hawezi. Akijaribu kudanganya masikio yanamwiva na kulowa jasho. Na siku ile alipotusimulia masikio yalikuwa makavu kabisa, akarudia mara tatu: "Niliangalia. Hapakuwa na mtu." Mimi mwenyewe nikamwita Taratibu mwongo, mbele ya dada yangu, na maneno hayo siwezi kuyarudisha mdomoni.

Jumamosi kabla ya kamati nilipita kwao mchana. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, amekaa na ovaroli lake, na alikuwa ameshindwa michezo sita mfululizo.

"Shemeji mwalimu, hiki ndicho kinachonituliza kichwa mpaka Jumanne ipite," alisema. "Sasa nacho kimenigeuka. Hebu niambie nakosea wapi, nisije nikaitupa simu hii chooni."

Nikachukua simu yake na daftari la hesabu, lile la vijisanduku, nikakaa kwenye meza ya chakula. Chesi ya mtandaoni ina uzuri mmoja, kila mchezo unahifadhiwa. Nilifungua michezo yake mia na ishirini ya mwisho aliyoshindwa. Kwenye karatasi nikachora ubao, vipande vyeupe chini. Kila nilipokuta pigo lililomuua, niliweka kitone kwenye kisanduku ambako kipande cha mpinzani kilikuwa kimekaa kikimvizia. Nilitarajia kugundua kile ninachomwambia kila siku, kwamba hamfichi mfalme.

Dada aliniletea chai ikapoa. Nilipomaliza, vitone vilikuwa vimetapakaa pande zote mbili za ubao na katikati peupe, havina maana yoyote. Nikavitenganisha: kalamu ya bluu kwa michezo aliyocheza na vyeupe, nyekundu kwa ile ya vyeusi. Bluu yote ikakaa kushoto. Nyekundu yote ikakaa kulia. Hapo nikakuna kichwa, maana sijawahi kuona mchezaji mwenye udhaifu unaohama kwa kubadili rangi ya vipande.

Kisha nikakumbuka kitu ambacho hata mtoto wa darasa la kwanza angekikumbuka kabla yangu. Ukicheza na vyeusi, simu inakugeuzia ubao ili vipande vyako vikae chini. Nikageuza daftari juu chini, nikavisoma vyekundu peke yake. Vyote vikawa kushoto, mahali pale pale vilipokuwa vya bluu. Tisini na saba kati ya mia na ishirini, na michezo iliyobaki alishindwa kwa muda kumwishia. Vipande vile havikuwa vimejificha. Vingine vilikaa pale wazi kwa hatua kumi, na yeye akapeleka malkia wake mdomoni mwao.

Bado nikajipa moyo kwamba ni uvivu wa kuangalia.

"Shemeji, wewe kushoto huangalii kabisa."

"Naangalia kila mahali. Macho yangu ya mwewe."

"Njoo ukae hapa tuone huyo mwewe."

Alikuja akicheka, bega la kushoto likagonga mwimo wa mlango. Dada akasema bila hata kugeuka, "Mlango huo umekukosea nini? Kila siku unaugonga." Akaketi mbele yangu, magoti yetu yakikaribiana. Nikamwambia anitazame puani, asihamishe macho, nitainua kijiko polepole kutoka pembeni, na akikiona tu aseme. Nilianza na upande wake wa kulia. Akakiona mara moja, kikiwa bado mbali usawa wa sikio.

Nikahamia upande wa pili. Nikakiinua kijiko pembeni, nikakisogeza. Akanyamaza. Nikakileta usawa wa bega, usawa wa shavu. Kijiko kilikuwa shubiri moja kutoka usoni pake, kinang'aa kwa mwanga wa dirishani, na yeye ananitazama puani kwa utulivu wa mtu anayesubiri kunyolewa.

"Basi anza," akasema.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani mkononi, nikasikia anaiweka mezani.

"Nimeshaanza, shemeji."

Akageuza kichwa, akakigonga kijiko kwa pua. Alicheka kidogo, akatutazama mmoja mmoja, kicheko kikamfia mdomoni. Kilichonikata maini ni hesabu iliyojipiga yenyewe kichwani mwangu: asubuhi ile ile, kabla ya kuja kukaa kwenye kochi, mtu huyu alikuwa ameshusha paleti arobaini katikati ya watu wanaotembea.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, tukaenda wote watatu hospitali. Daktari wa macho, mama mmoja mpole mwenye vidole vifupi, alimwekea kichwa kwenye mashine, akamtaka abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Akatoa karatasi. Nusu ya kulia ilikuwa nyeupe na nusu ya kushoto nyeusi tii, imekatwa kama kwa rula.

"Macho yako mazima, baba," alisema. "Kilichoumia kiko huku nyuma, kwenye ubongo. Ni kiharusi kidogo. Ulipata kuumwa kichwa sana mwaka huu?"

"Mwezi wa pili. Siku tatu. Nikameza vidonge kikaacha."

"Lakini giza sioni," shemeji akaongeza, karibu kwa ubishi.

"Huwezi kuliona. Kwani nyuma ya kisogo chako unaona giza? Huoni kitu, basi. Na ubongo unakujazia, unakwambia pako sawa, hapana mtu."

Hapo shemeji aliinamisha kichwa, akashika ukingo wa meza ya daktari kwa mikono miwili. Maneno yale ya mwisho alikuwa ameyasema mwenyewe mara tatu, sebuleni kwake, masikio makavu.

Daktari alimwandikia dawa za shinikizo la damu na barua ya kazini: asiendeshe mashine yoyote. Akamfundisha jinsi ya kuishi na nusu iliyobaki. Aweke kidole ukingo wa kushoto wa kitu anachosoma, macho yakifuate kwanza kabla ya kurudi katikati, na afanye hivyo mpaka yazoee.

Kwenye korido, kabla hata hatujafika dirisha la dawa, dada yangu aliichukua ile barua akaitia kwenye mkoba.

"Itakaa humu mpaka Jumatano," alisema kwa sauti ya chini. "Kamati ikishapita ndiyo tuipeleke. Miaka minne tu imebaki astaafu. Si hakujua? Hakuna dhambi ya kutojua."

Huyu ni dada aliyenirudisha dukani nikiwa na miaka minane kwa ajili ya kiberiti nilichozidishiwa. Lakini kilichonishtua zaidi ni mimi mwenyewe, maana nilimfikiria Taratibu na mguu wake, nikaufikiria mkoba wa dada, na mwalimu mzima nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka tukafika nyumbani.

Jioni shemeji alirudi kwenye kochi lake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alichagua mchezo wa dakika kumi. Aliweka kidole ukingo wa kushoto wa simu, na kabla ya kila hatua macho yalikwenda kwenye kidole, yakasimama, yakarudi. Alimficha mfalme wake mapema. Hakumtukana mtu. Katikati ya mchezo alikuta ngome ya mpinzani imejikalia pembeni huko, akaizuia, na mwishowe akashinda. Hakushangilia. Aliweka simu juu ya kistuli.

"Mama watoto, lete hiyo barua."

"Tumeshaongea."

"Mmeongea nyinyi. Ilete. Na wewe mwalimu, kesho uje na daftari lako."

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni yenye kelele na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Alikuwepo meneja wa ghala, afisa utumishi, na upande wa pili Taratibu mwenye plasta mguuni, magongo yameegemezwa ukutani. Mimi nilitambulishwa kama shahidi wa chesi, meneja akanitazama kama niliyepotea njia.

Shemeji hakungoja kuulizwa. Aliweka barua mezani, akafungua daftari langu juu yake, akaeleza vitone, kijiko na mashine.

"Nilisema sikumwona, na hiyo ni kweli," alimaliza. "Nilisema hakuwepo, na hiyo si kweli. Alikuwa kwenye mstari. Kosa ni langu, andikeni hivyo."

Afisa utumishi aliisoma barua polepole, akaisoma tena. Meneja alimgeukia Taratibu, akamuuliza kama ana la kusema. Nilijiandaa kusikia matusi, na yangekuwa halali yake.

Taratibu alikuwa akimtazama shemeji. Alichukua muda wake, kama kawaida yake.

"Kabla hujakata kona uligeuka upande wangu," alisema. "Nikakupungia mkono, kaka. Nikajua umeniona. Ukaja moja kwa moja."

Shemeji aligeuza kichwa chote mpaka macho yakamfikia.

"Wiki tatu nimelala kitandani," Taratibu akaendelea, "namuuliza mke wangu nilikukosea nini mpaka utake kuniua."