Dereva wa Basi la Songea

Marubani tuna ujinga wetu, na mimi nilikuwa nao kuliko wengi. Kazini tulitakiwa yapite masaa manane kati ya glasi ya mwisho na kuruka. Niliyahesabu kwa saa ya mkononi, dakika kwa dakika, nikajiona mtu wa nidhamu. Mlevi hajui alimaliza kunywa lini. Mimi nilijua, na kwa sababu hiyo nikajidanganya miaka mingi kwamba si mlevi.

Siku nilipoweka glasi chini yakiwa yamebaki masaa matano tu kabla ya kuruka, nikapiga simu kazini kusema naharisha, ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Msaada kwa watu kama mimi upo. Unajisalimisha kwa daktari wa kazini, unasimamishwa kuruka, unatibiwa, na ukipona unaweza kurudi. Unaweza, wanasema, siyo utarudi. Nina wanangu wawili na sijui kazi nyingine. Kwenye fomu ya kupima afya kuna swali kama umewahi kuwa na tatizo la pombe, na nilikuwa nimeshajibu Hapana mara nyingi. Basi nikatoka kwangu Boko, nikavuka jiji zima hadi soba hausi moja ya Gongo la Mboto, nyumba ya wanaoacha pombe, nikajiandikisha kwa jina la uongo. Kazi? Dereva wa basi, nikasema. Dar kwenda Songea.

Tulikutana kila Jumamosi asubuhi, kwenye viti vya plastiki. Ndege ikipita juu ya bati, msemaji hunyamaza, kisha huendelea. Mimi nilitazama sakafu.

Balaa ni kwamba kulikuwa na dereva wa kweli. Mtu wa Manzese, ameendesha mabasi ya mikoani tangu mimi niko shule. Tangu siku ya kwanza, nilipompa shikamoo, alinivutia kiti karibu yake. Akiniuliza habari za njia nilijibu kwa mkato, naye akadhani ni haya. Alinipenda, na mimi nilimpenda. Mwezi wa nne nikiwa sijaonja tone, yeye wa tatu, akaninong'oneza kuhusu mwenye basi:

"Tajiri wako anajua?"

Ningeweza kusema hajui. Lakini nilikuwa nimeusoma ule utaratibu wetu marubani wa kujisalimisha mpaka nimeukariri, na nilitamani sana ningekuwa nimeufuata.

"Nilimwambia mwenyewe," nikasema. "Akanipumzisha, nikatibiwa, akanirudishia gari."

"Kumbe inawezekana!" akasema, akanishika bega.

Jumamosi mbili hakuonekana. Ya tatu alikuja amechelewa, harufu ikimtangulia. Msimamizi alimwacha aseme. Alisimama ameshikilia kiti, akaeleza kwamba alikwenda kwa tajiri wake, akamweleza kila kitu, na kabla hajamaliza tajiri akanyoosha mkono kudai ufunguo. Matajiri wenzake nao wameshaambiwa.

Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru. Badala yake alinigeukia kwa upole, macho mekundu.

"Mie niliongea vilevile ulivyonisimulia, mdogo wangu. Labda nilikosea kuyapanga maneno. Wewe ulianzaje? Kuna tajiri mmoja wa Mbagala hajasikia habari zangu bado, Jumatatu naenda kumuomba kazi."

Watu wote walinitazama. Wengine pale walikuwa na kazi zao, na wao walitaka kusikia. Niliona aibu. Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli, na ukweli ungenifuata hadi kazini.

"Usianze na pombe," nikamwambia. "Anza na miaka uliyoendesha mabasi."

Nikaendelea, nikiyatunga maneno palepale, na yeye akayarudia taratibu, neno kwa neno, asije akayasahau.