Fundi Ormerod na Pembe za Desmond

Ellis Ormerod ametengeneza baiskeli za mashindano katika mji wetu mkoani Lancashire, Uingereza, kwa miaka arobaini na tisa, na hajawahi kumpima mtu kwa mashine. Kila Alhamisi jioni kabla ya mbio za Jumapili tulijazana karakanani mwake. Mtu alipanda baiskeli yake, akaegemeza bega ukutani, na Ellis akasimama kando, mikono nyuma, akamtazama. Halafu alisema: inua kiti kidogo, shusha usukani. Wengine tulikunywa chai na kumcheka aliye juu.

Siku hizi watu hupimwa kwa kamera, vipuri huletwa na posta, na jicho la mtu limekuwa kitu cha kuchekwa. Alhamisi Ellis hukaa na redio yake. Aliyebaki ni Desmond Threlfall, na mimi, ambaye sishindani tena. Nashika saa tu, maana katika mbio zetu kila mtu huondoka peke yake kushindana na muda.

Mwezi wa Mei Desmond aliumia bega. Hakuweza tena kuzifikia pembe, zile fimbo mbili za kaboni zinazotokeza mbele ya usukani, ambazo mpanda baiskeli huzishika huku amelaza viwiko ili upepo usimkamate. Zisipofupishwa, mbio kwake zimekwisha. Jumatano akaleta baiskeli, pamoja na karatasi.

"Kijana wangu alinipeleka kwa wale wa kamera," alisema. "Wanasema ukate sentimita tano na nusu."

Ellis aliisoma kama anayesoma barua ya wakili. "Tano na nusu? Wanadhani wewe mtoto wa shule?"

"Basi nipande unitazame."

"Nitazame nini? Mwili wako naujua kuliko wewe mwenyewe. Tatu zinatosha. Nenda nyumbani."

Nilikuwepo. Ningeweza kusema kitu, nikanyamaza, kwa kuwa hata mimi karatasi ile iliniudhi.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri mno. Alichomoa wenzo wa gia ulio kwenye ncha ya pembe, na waya wake, akazungusha utepe mahali pa kukata, akaibana pembe kwenye jiliwa katikati ya vipande vya mpira. Alivaa barakoa, akalowesha msumeno wa meno madogo ili vumbi lisiruke, akakata polepole huku akiigeuza pembe, maana kaboni ukiikata kwa pupa nyuzi zake huchanika. Akasugua ncha kwa msasa, akaipaka gundi, akafupisha waya. Kisha ya pili vivyo hivyo.

Jumamosi Desmond akapanda, bega ukutani. Akalaza viwiko, akanyoosha mikono. Vidole viligusa wenzo kwa shida, na uso ukamkunjamana.

"Bado ziko mbali."

"Sogea mbele."

"Nikisogea zaidi nitakalia gurudumu, mzee."

Ellis akasimama kando, mikono nyuma, akamtazama kwa muda mrefu. Nami nikaona alichokiona: mgongo umepinda, mabega yameingia ndani, shati linaning'inia. Alikuwa amekata kwa ajili ya mtu wa enzi zile wote wawili walipokuwa na nywele.

"Shuka," alisema.

Akakata sentimita mbili na nusu nyingine. Desmond alipopanda tena alizishika pembe, akatulia kabisa.

"Hapo sasa. Si nilikwambia nipande tangu Jumatano, we kichwa kigumu?"

"Karatasi ndiyo iliyokwambia ukweli," alisema Ellis. "Safari ijayo wapelekee wale wa kamera."

"Acha utoto. Kesho nani atanishikia kiti?"

Hilo lilikuwa la Ellis tangu zamani: kuishika baiskeli ya Desmond kwenye mstari wa kuanzia, miguu yake ikiwa tayari kwenye pedali, hadi nimalize kuhesabu. Ellis alichukua ufagio. Akaanza kufagia, ingawa vumbi lote lilikuwa limenaswa na maji ya msumeno.

Jumapili alfajiri barabara kuu ilikuwa na ukungu. Kiti cha Desmond kilishikwa na mtu wa klabu nyingine, asiyejua hata jina lake. Nilihesabu, akaondoka peke yake kama tunavyoondoka sote, amejikunja vizuri juu ya pembe zake. Aliporudi kwenye ukumbi tunakokutania baada ya mbio alikuwa amepunguza sekunde arobaini kwenye muda wake wa mwaka jana. Nikamwonyesha daftari langu la muda. Hakulitazama.

"Amekuja?" aliuliza.

Nikamwambia hapana. Akachukua chai yake, akaenda kukaa karibu na dirisha linalotazama barabara.