Fataki za Arua Zinavyoonekana kutoka Dranya

Yugu wa Dranya alioa kwa Kiswahili. Yeye ni Mkakwa, Kevina ni Mlugbara wa Manibe, kando ya mji wa Arua, na lugha pekee waliyoelewana kwayo ilikuwa Kiswahili ambacho Yugu alirithi kwa baba yake askari, Kiswahili cha kuamrisha watu wasimame wima. Hicho hicho ndicho alichombembelezea msichana. Kevina alipomuuliza kama Dranya ni mbali sana na kwao, Yugu alijibu bila kupepesa macho:

"Mbali iko wapi? Kwetu Arua inaonekana."

Arua haionekani kutoka Dranya, hata ukipanda juu ya mti.

Mkesha wa kwanza wa mwaka mpya baada ya harusi, Kevina alikaa jikoni akilia. Redio ilikuwa imetangaza kwamba hoteli moja mjini Arua ingelipua fataki, jambo ambalo hakuna mtu wa Manibe aliyewahi kuliona. Kaka zake wangeziona. Yeye, aliyeolewa mbali, angebaki anageuza mihogo chunguni. Yugu alisimama mlangoni asijue la kufanya na mikono yake. Mwisho akamshika mkono, akampandisha kwenye mwamba ulio nyuma ya shamba. Upande wa kusini, mbali gizani, mstari mwekundu ulikuwa unatambaa, ukiinuka na kulala.

"Ona," akasema. "Fataki hizo."

Kevina akafuta machozi kwa kiganja. Akatazama mpaka shingo ikamuuma.

Ule ulikuwa moto wa nyasi. Kila kiangazi wawindaji wa ndezi huchoma pori ili wanyama watoke, na Yugu alijua hata ni vijana wa nyumba gani waliouwasha. Lakini mke alikuwa amenyamaza kulia. Mwanamume gani mwenye akili angeongeza neno hapo?

Basi ikawa desturi. Kila mkesha walipanda mwamba. Mwaka uliofuata jirani yao Hamuza akawafuata, kisha mkewe, kisha nusu ya kijiji, na karanga za kuchemsha na kibuyu cha pombe. Hamuza, ambaye hakuwahi kufika Arua, alizoea kusimama mbele ya watu na kutoa hukumu: "Mwaka huu Arua wamejitahidi." Yugu alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyezilipia fataki.

Binti yao Concy akakua, akasomea uuguzi, akapata kazi Arua na chumba cha kupanga kwenye mteremko wa Arua Hill. Desemba iliyopita akapiga simu: "Mama, Baba, mwaka huu hamtaziona fataki kutoka mbali. Njooni mzione hapa hapa, juu ya vichwa vyenu."

Kevina akacheza uani na simu mkononi. Yugu akapata homa ya ghafla isiyo na joto.

"Mbuzi watabaki na nani?" akauliza.

"Na Hamuza."

"Mgongo wangu, je?"

"Utakuja nao. Baba Concy, wewe unaogopa nini Arua? Una mke mwingine huko?"

Ingekuwa afadhali awe na mke mwingine. Hilo lingezungumzika kwa wazee. Lakini utamwambia nini mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo umempandisha mwambani kumwonyesha ndezi wakifukuzwa?

Arua, jioni ya mkesha, kila mtu alikuwa na mahali pake pa kutazamia. Drateru, fundi simu anayepanga chumba jirani na Concy, alisema hakuna kama bustani ya hoteli.

"Pale wanatoza kiingilio," Concy akamkatiza. "Mtu alipe kutazama juu? Mbingu haina uzio! Twende kule kwenye nyumba za zamani za serikali. Kuna kuta fupi za kukalia, mji wote uko chini yako."

Maneno ya haki kabisa, na wote wakamfuata. Yugu alitembea nyuma, akiombea mvua, na mvua haiji West Nile Desemba kwa sababu ya mtu mmoja mwenye hatia.

Fataki ya kwanza ikapanda ikipiga mluzi, ikapasuka. Watu wote wakapiga kelele isipokuwa Kevina. Yugu hakuona fataki hata moja. Alikuwa akimtazama mkewe usoni, uso ukiwa kijani, kisha mwekundu, kisha giza.

"Baba Concy."

"Naam."

"Hizi ziko juu."

"Ziko juu."

"Na zinalia."

"Zinalia kidogo."

"Zile zetu zinatambaa chini." Akamgeukia. "Zile zetu iko nini?"

Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni: umbali hupinda mambo, upepo wa Dranya humeza sauti. Yugu akautazama uso ule, akaumeza uongo wake.

"Ni nyasi," akasema. "Watu wa ndezi wanachoma."

Fataki tatu nne zikapasuka.

"Na siku ile ya kwanza, ulijua?"

"Nilijua. Ulikuwa unalia, Kevina. Ningefanya nini?"

Kevina akampiga kofi la bega, kofi la kweli, si la mapenzi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia ukuta.

"Ungeniambia ni nyasi," akasema akijifuta macho, "ningelia mpaka leo."

Concy akawasogelea. "Mama, kuna nini?"

"Baba yako anachekesha."

Angani kukawa na moshi tu. Watu wakaanza kukung'uta vumbi kwenye nguo zao. Drateru akageuka kwa adabu: "Mzee, Concy anasema hata kule Dranya mnaziona?"

Yugu akafungua mdomo. Kevina akamtangulia.

"Dranya? Mwanangu, hizi zenu zimekwisha kabla mtu hajakaa vizuri. Zetu zinakaa mpaka usingizi unakushinda, na kiingilio hakuna. Mwaka ujao njooni wote. Baba Concy atawaonyesha pa kukaa."

"Kweli, Mzee?"

Yugu alimtazama mkewe. Kevina alikuwa akitazama moshi, mtulivu kama mtu aliye kanisani.

"Kweli," akasema Yugu. "Ila mje mapema. Mwamba hujaa."